Kanuni za Tawi, kwa Mkono wa Mama Boram

Jumatatu, 10 Novemba

Boram wangu atakuwa mwenyekiti! Mwenyekiti wa chama cha siasa! Haya, hujambo, daftari. Nilipaswa kukusalimu kwanza, lakini habari kama hii haikai mdomoni.

Jambo lenyewe ni hili. Chama cha Mazingira kinafungua tawi hapa Dalcheon, kwa sababu ya wale wanaotaka kumwaga zege kando ya kijito chetu wapate pa kuegesha magari. Mkutano wa kuzindua tawi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Kabla ya hapo lazima ziandikwe kanuni. Bila kanuni hakuna tawi, na bila tawi zege linamwagwa. Boram kanieleza yote tukichambua maharage.

Kutakuwa na wenyeviti wenza wawili, mwanamume na mwanamke. Kwa upande wa wanaume hakuna kesi. Ni Mzee Pyo, mstaafu wa posta, maana ndiye pekee aliyekubali. Kwa wanawake pia hakuna kesi. Ni Boram! Amesoma chuo kikuu. Anawajua ndege wote wa kijito kwa majina, hata wale wanaofanana. Alipozaliwa mkunga alisema mtoto huyu ana kichwa kikubwa. Wengine wangeudhika. Mimi nilijua maana yake.

Nilimwambia Baba Boram kwamba nyumba hii sasa ina mwenyekiti. Akageuka kutazama mlangoni nani ameingia.

Kuna kikwazo kimoja tu. Mama Dohun, yule wa duka la tofu, ile jibini nyeupe ya soya, linalotazamana na duka langu la vitoweo, naye kajiunga na chama. Yeye na mumewe. Eti anawapenda sana samaki wa kijito. Anawapenda, ndiyo, wakiwa ndani ya sufuria!

Jumanne, 11 Novemba

Nimeingia kwenye kamati ya kuandika kanuni. Sikuomba. Nilifika tu na chakula, nikaketi, na hakuna mtu duniani anayemfukuza mwanamke aliyebeba mizizi ya yungiyungi iliyopikwa kwa asali.

Bahati mbaya niliifunga kwa nailoni. Kila kitoweo na nailoni yake, vizuri, kama mtu mstaarabu. Kumbe ibara ya tatu inakataza nailoni, vikombe vya karatasi na vijiti vya kutupa. Mama Dohun akaingia nyuma yangu na tofu ndani ya sufuria, kaifunika kwa kitambaa alichokitarizi mwenyewe. Akauliza kwa sauti ya huruma, "Jamani, Mama Boram, kumbe ibara ya tatu hukuisoma?"

Nikamjibu kwamba ibara haijapita, bado ni rasimu, na mimi naheshimu sheria zilizopita tu. Jibu zuri sana. Limenijia papo hapo. Boram alijificha nyuma ya kompyuta yake. Nadhani alikuwa akificha fahari.

Mzee Pyo alikuwa akila.

Jumatano, 12 Novemba

Ibara ya tano imenitoa jasho. Ndani ya tawi hakuna vyeo. Hakuna Mzee, hakuna Mwalimu, hakuna Mheshimiwa. Hata Mama hakuna! Kila mtu achague jina la kitu cha asili, na wote waitane hivyo kama watu wa rika moja. Eti ndio usawa.

Boram kajiita Tete, kwa ajili ya matete ya kijitoni. Mzee Pyo kajiita Konokono, kwa sababu ndivyo watu walivyoziita barua zake miaka yote. Mama Dohun kajiita Umande. Umande! Mwanamke anayebeba gunia la soya begani! Nikasema mimi nitaitwa Mama Boram. Wakakataa, lazima kiwe kitu cha asili. Nikauliza kama mama si kitu cha asili, wao walitokea wapi? Wakakataa tena. Basi nikachagua Mlima Jiri, ambao kila mtu anajua ukubwa wake.

Mara nikasimama kuchangia hoja, na binti yangu mwenyewe, wa kumzaa kwa uchungu, mbele ya watu wote, akaniambia, "Mlima, keti. Zamu yako bado."

Niliketi.

Tulipofika nyumbani alisema, "Samahani, Mama. Kanuni ni kanuni." Nikamwambia hakuna neno, Tete, vyombo hivyo hapo, kaoshe.

Humu ndani nitaendelea kuwaita watu kwa majina yao. Daftari si tawi.

Alhamisi, 13 Novemba

Ushindi! Nimemmaliza Mama Dohun kwa ibara moja!

Fikra ilinijia nikikaanga dagaa. Mume wa Mama Dohun ametajwa kuwa mweka hazina. Mama Dohun mwenyewe anakitaka kiti cha mwanamke, analikana hilo lakini macho hayadanganyi. Watu wawili, nyumba moja! Jioni nikasimama, safari hii zamu yangu ilikuwa imefika, nikawaeleza jinsi koo zinavyoangusha falme. Nimeyaona yote kwenye tamthilia za televisheni. Kaka anakuwa waziri, shemeji jenerali, na mwisho mfalme ananyweshwa sumu. Nikapendekeza ibara ya nane: watu wawili wa nyumba moja wasikae pamoja kwenye kamati ya tawi.

Wakapiga makofi! Mama Dohun akageuka rangi ya tofu yake.

Boram peke yake hakupiga. Akaniuliza taratibu, "Mlima, una hakika? Umefikiria mpaka mwisho?" Nikamwambia nimefika mwisho nikarudi. Mtoto ananijali sana.

Jumamosi, 15 Novemba

Mama Dohun ni nyoka.

Kaja leo kajipaka poda, anatabasamu. Akatangaza kwamba mumewe hataki tena uweka hazina, ana mgongo. Kwa hiyo ibara yangu haimgusi tena! Halafu akasema anaona uchaguzi wa kiti cha mwanamke unaweza kuleta uhasama baina ya maduka. Maduka! Akapendekeza tusipige kura, tuokote. Majina ya wanawake wote wa tawi yaingie mtungini, mtu atie mkono, atakayetoka ndiye. Na atakayetoka asikatae, isipokuwa ni mgonjwa.

Mzee Pyo akasema hiyo ni haki, kwa sababu mtungi haujui nani ana duka zuri. Wengine wakaitikia. Na Boram naye! Damu yangu! Akasema hiyo ndiyo demokrasia hasa.

Nikasema demokrasia hasa ni ile unayoshinda. Mwandishi wa mkutano hakuandika.

Imekuwa ibara ya tisa. Nimerudi nyumbani, nikahesabu wanawake wa tawi kwa maharage mezani. Boram ni harage moja katika lundo. Wamo hata wale waliojiunga kwa sababu ya vitoweo vyangu, nami nimo, na yumo bibi mmoja ambaye nadhani aliingia akitafuta choo. Nilimwonyesha Baba Boram lile harage. Akalila.

Jumatano, 19 Novemba

Leo tumekwenda kijitoni kuokota mawe ya kura. Si karatasi, ibara ya tatu haitaki karatasi za kutupa. Kila mwanamke achague jiwe lake na aandike jina lake la tawi kwa brashi na wino.

Boram kachukua kijiwe kidogo kama punje ya njugu. Nikamkanya, nikamwambia jiwe ni sura ya mtu. Hakusikia, alikuwa akitazama yangeyange aliyesimama majini kwa mguu mmoja. Mimi sikuwa na haraka. Mlima Jiri hauandikwi kwenye kokoto! Nikapata jiwe lililoshiba, laini, la kujaza kiganja. Nikaandika jina langu kwa herufi kubwa na nafasi ikabaki. Mama Dohun akauliza hilo ni jiwe la kura au la kukandamizia kabichi za kuchachusha.

Atakayeokota ni Mzee Pyo, kwa sababu ni mwanamume na hana jiwe humo. Mtungi ni wangu, ule mkubwa wa udongo wa marehemu mama mkwe. Wakauliza nani atautunza pamoja na mawe mpaka Jumamosi. Nikajitolea.

Wakanishukuru!

Ijumaa, 21 Novemba

Mpango umekamilika. Nauandika kwa furaha tu.

Jiwe la Boram liko ndani ya friji ya kimchi, ile mboga yetu ya kuchachusha kwa pilipili, chini kabisa, baina ya figili na majani ya haradali, mahali ambapo vidole vinauma. Mawe mengine yako mtungini, karibu na jiko. Kesho nitalirudisha dakika ya mwisho. Mzee Pyo atatia mkono, ataguswa na ubaridi, atalitoa. Nani atajua?

Mzee Pyo alikuja dukani mchana. Nikamvuta pembeni, nikamnong'oneza, "Mzee wangu, kesho kilicho baridi ndicho chenye baraka."

Akanitazama. "Baridi?"

"Baridi."

"Kama kimchi?"

"Kama kimchi."

Akaitikia kwa kichwa polepole, nami nikamwongezea dagaa. Ameelewa. Watu wa posta wana akili sana, wamezoea bahasha zilizofungwa.

Usinitazame hivyo, daftari. Ni kweli, huu ni udanganyifu, lakini mdogo. Mimi sijitafutii chochote. Nilitoka shule mapema nikachambue dagaa bandarini, na kila nilipompelekea mwalimu wa Boram mtungi wa kimchi nilisimama nje ya darasa nikimsikiliza mwanangu akijibu maswali. Alijibu yote. Nataka kusimama ndani siku moja, ndiyo hivyo tu. Nataka mtu aseme "Mwenyekiti" na mwanangu ageuke.

Nimetayarisha nguo. Nitavaa ya zambarau.

Jumamosi, 22 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Naanzia na ibara ya saba. Nilikuwa nimeisahau ibara ya saba. Ibara ya saba inasema tawi haliwashi joto ukumbini kabla ya Desemba, ili kulinda hewa. Niliiunga mkono mwenyewe, nikiwa nimekaa karibu na jiko!

Ukumbi ulikuwa kama tumbo la friji. Watu wameketi na makoti, pumzi zinaonekana. Mtungi wangu ulikuwa umeshapelekwa huko tangu asubuhi, mimi mwenyewe nikiupandisha ngazi. Akidi ilitimia. Wakasoma kanuni ibara kwa ibara, zote zikapita, nami nikatumbukiza kijiwe cha Boram nikijifanya nafuta mdomo wa mtungi. Harufu ya kitunguu saumu ikapanda. Mtu wa nyuma akauliza kama chakula kiko tayari.

Mzee Pyo akakunja mkono wa koti, akautia mtungini hadi kwenye kiwiko. Akapekua. Akakunja uso. Akapekua tena. Kisha akageuka na kusema kwa sauti ya mtu anayetafuta anwani:

"Mlima! Jana uliniambia nichukue lililo baridi. Humu yote ni baridi. Sasa nichukue lipi?"

Nikatazama dari. Dari ina ufa, sikuwahi kuuona.

"Mlima umeporomoka!" akapiga kelele Mama Dohun, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Yule bibi wa choo alicheka mpaka akashikiliwa. Boram alijifunika uso kwa kanuni za tawi. Nilimwona masikio. Yalikuwa mekundu.

Kisha akasimama. Akasema mawe yamwagwe chini mbele ya wote, yapanguswe, yachanganywe, yarudishwe, na Konokono afumbe macho. Halafu akainama mbele ya watu, akasema, "Samahani. Ni mama yangu." Mama! Ndani ya mkutano! Kavunja ibara ya tano kwa ajili yangu na hakuna aliyegundua ila mimi.

Wakafanya hivyo. Mzee Pyo akafumba macho, akatia mkono, akasema vidole vimekufa ganzi, anaokota linaloshikika. Akaokota linaloshikika.

Jiwe langu.

"Mlima Jiri," akasoma. Herufi zilionekana mpaka mlangoni.

Nikasema naumwa. Mama Dohun akauliza mtungi ule umepandishwa na mgonjwa yupi. Nikasema najiuzulu. Wakanisomea ibara ya tisa. Nikasema basi Boram apewe hata kile kiti cha mweka hazina. Hapo Boram mwenyewe akafungua kanuni, akasoma ibara ya nane bila kutetemeka: watu wawili wa nyumba moja wasikae pamoja kwenye kamati. Maneno yangu mwenyewe, hata ile nukta niliyoipigania. Nimemfungia mwanangu mlango na ufunguo nimeumeza.

Mmoja akasema mdanganyifu hawezi kuwa mwenyekiti. Nikaunga mkono kwa nguvu zote! Lakini Mama Dohun akasema, "Mwacheni. Hakuiba kiti, alijaribu kukigawa akakosea njia. Kanuni alizitaka mwenyewe, sasa azibebe." Mzee Pyo akasema adhabu yangu inatosha, nitakaa naye kamatini miaka miwili.

Nikalia. Mbele ya watu wote, na nguo yangu ya zambarau. Sikulilia aibu, aibu nimeizoea. Nilimwona mwanangu akikusanya karatasi zake na kushuka kwenye safu ya nyuma.

Akaja nyuma yangu, akanivika skafu yake. Akanong'ona, "Mama, mimi nilitaka tawi. Tawi limezaliwa. Keti."

Niliketi. Na Mama Dohun akavuka ukumbi, akanitupia mapajani chupa yake ya mpira ya maji moto. "Shika, Mwenyekiti, usije ukaganda."

Niligeuka, daftari. Aliposema "Mwenyekiti" niligeuka mimi.

Jumapili, 23 Novemba

Diwani! Boram atakuwa diwani!

Sijalala, sijala, nimekunywa supu tu. Sikiliza. Asubuhi Boram alinikuta nimejifunika shuka mpaka kichwani. Akaketi kando yangu, akaniomba nisicheke wala nisilie. Kumbe kuna ibara ya kumi na moja. Mjumbe wa kamati haruhusiwi kugombea udiwani. Na Boram hayumo kwenye kamati! Nimemtoa mimi! Anasema jana usiku akirudi alipita kijitoni, akafikiri, na sasa anataka kuwaomba wanachama wampitishe kuwa mgombea wa tawi kwenye uchaguzi wa Juni, akalizuie zege kutoka ndani ya baraza lenyewe. Alisema kwa sauti ndogo, kama alipokuwa mdogo akiomba ruhusa ya kufuga bata. Macho yake yalikuwa yanang'aa. Nilimwambia ndiyo kabla hajamaliza. Kwa yule bata nilisema hapana, na mpaka leo inaniuma.

Kwa hiyo niliona mbali. Ibara ya nane ni ya akili kuliko mwenyewe nilivyodhani.

Akaniapisha. Hakuna mipango, hakuna kunong'ona, hakuna friji. Nikaapa, mkono juu ya friji.

Mama Dohun naye anataka kugombea. Kanitangazia asubuhi hii kutoka ng'ambo ya barabara, huku akimwaga maji ya tofu. Vizuri. Ushindani ni afya.

Mkutano wa kupitisha mgombea unaitishwa na wenyeviti wenza. Mzee Pyo kaniachia nipange siku na mahali, yeye anasema ataleta mdomo tu. Nami nikafikiri, ukumbi ule ni baridi, na siku ya kutengeneza kimchi ya majira ya baridi imekaribia, kabichi zangu mia ziko shambani zinasubiri. Kwa nini tusiunganishe? Wanachama wote uani kwetu, jiko la kuni, nyama ya nguruwe ya kuchemsha, kabichi kwenye mabeseni. Nani atakataa?

Na sikupanga chochote. Nimesoma kanuni tu. Ibara ya kumi na mbili inasema kura ya mgombea hupigwa kwa kunyoosha mkono, na mkono uwe mtupu na uonekane. Basi. Hiyo si njama, ni ibara. Sasa, katika kazi ya kimchi wapo wanaomenya figili, mikono yao mitupu, wanainyoosha wakati wowote. Na wapo wanaopaka pilipili kwenye kabichi, glavu mpaka kwenye viwiko, nyekundu zinatiririka, mtu wa namna hiyo hawezi kunyoosha mkono bila kumpofua jirani. Mama Dohun na mumewe na wateja wao wa tofu wana mikono mizuri sana ya kupaka pilipili. Nimekuwa nikisema hivyo miaka yote. Nitawapa heshima ya beseni kubwa.

Nilimweleza Baba Boram. Akasema "Hm." Tangu tuoane sijapata kusikia "hm" ndefu namna ile. Ni baraka.

Nimeshaandika tangazo, nyuma ya kalenda ya zamani, ibara ya tatu itafurahi. Kila mwanachama aje na kikombe chake na bakuli lake. Aje na njaa. Asije na glavu, glavu nitagawa mimi. Uani kwa Mlima Jiri, Mwenyekiti Mwenza, saa tatu asubuhi. Tunawatarajia wote, Jumamosi, tarehe sita Desemba.